Bi Mvuke na Maharage Aliyoyaondoa Madukani

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule ambako mama yetu alikuwa mpishi na baba yetu mtunza stoo. Jina la kwenye cheti lilitumiwa na walimu na watu wa benki tu. Nyumbani tulimwita Dada, na tangu alipoingia kiwandani wengine wote walimwita Bi Mvuke. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho. Familia imeniomba niyaseme mambo kama yalivyokuwa, bila kuyapaka sukari, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia mambo ya kupakwa sukari.

Jikoni kwa mama maharage yalibandikwa kabla hakujapambazuka, yakaiva watoto wa shule wakiwa wameshachoka kusubiri. Moshi ulimharibu mama macho. Dada alipokuwa mdogo alimuuliza, "Mama, kwa nini maharage hayana haraka?" Mama akamjibu, "Kwa sababu hayajui kama mna njaa." Jibu hilo halikumridhisha. Siku moja, mama akiwa sokoni, alifunga mfuniko wa sufuria kwa waya, akakandika ukingoni kwa unga uliokandwa, akachochea moto. Kishindo chake kilisikika hadi darasani. Hakuna aliyeumia, lakini chakula chote kilihamia darini. Baba alirudi, akatazama juu, akasema, "Haya, leo tunakula kwa ngazi."

Alisoma shule ya msingi palepale nyumbani, na mwaka 1973 akaingia sekondari ya wasichana ya bweni, alikofanya vizuri katika kemia na vibaya katika kuimba. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha ufundi, idara ya usindikaji wa vyakula. Wasichana walikuwa watatu. Wawili walihamia ukatibu muhtasi mwaka wa kwanza, yeye akabaki. Alihitimu mwaka 1979.

Januari 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha kusindika matunda kwenye makopo, akiwa mpimaji wa ubora. Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, aliyekuwa fundi wa boila. Alishuka chumba cha boila akiwa na koti jeupe, akamwambia mbele ya wenzake, "Fundi, mvuke wako leo umechoka." Shemeji hakuwa amezoea kuambiwa hivyo. Akamuuliza, "Nikikuletea mvuke wenye nguvu, utakunywa chai na mimi?" Akajibiwa, "Lete kwanza." Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1993. Mwaka 1995, katika gereji kuukuu iliyokuwa bado inanuka oili, mtu na mkewe walianza kazi waliyokuwa wakiizungumza mezani kwa miaka mingi: maharage yaliyokwisha kuiva, yaliyofungwa kwenye pakiti laini, yanayokaa rafuni bila jokofu. Shemeji aliunda mtungi wa mvuke, chungu kikubwa cha chuma kinachofungwa kwa boliti, na Dada akatafuta joto linaloua kila kijidudu bila kuyafanya maharage kuwa uji. Mara nyingi yalikuwa uji. Sisi ndugu tulikula makosa yale mpaka tukachoka, kisha siku moja tukala tukaomba tuongezewe.

Kwa mama yeyote aliyerudi kutoka kazini amechoka, kupika maharage sasa kulichukua muda ule ule wa kuchemsha chai. Kwenye pakiti Dada aliandika maneno mawili tu: Pasha, ule. Maduka yakayataka, kisha hospitali na shule. Gereji ikaachwa, kiwanda kikajengwa. Akaingia mshirika, rafiki wa shemeji, mwenye maduka ya jumla, ambaye tulimwita Tajiri. Aliweka nyumba yake rehani ili mtungi wa pili, mpya kabisa, uagizwe kutoka nje. Mwaka 2007 mlolongo mkubwa kuliko wote wa maduka nchini uliagiza maharage yale kwa matawi yake yote.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mlilisikia redioni tu.

Kanuni ya kiwanda ilikuwa kwamba kila mkupuo, yaani mzigo uliopikwa kwa pamoja, usubiri wiki mbili katika chumba chenye joto kabla ya kuuzwa, kwa sababu pakiti yenye kasoro ikikaa kwenye joto huvimba. Oda ile ilikuwa kubwa na tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. Tajiri aliomba muda wa kusubiri upunguzwe. Dada alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Sahihi ilikuwa yake. Hakuwahi kuisukumia kwa mtu mwingine, nami sitafanya hivyo mbele ya jeneza lake.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2007, malori yakiwa tayari yameshapeleka mzigo, aliingia chumba kile kuangalia sampuli zilizobaki. Pakiti tano zilikuwa zimetuna kama mito midogo. Alitoka amezishika kwa glavu, uso umempauka. Shemeji alikimbilia mtungi mpya, akachomoa kipimajoto chake, akakitia kwenye maji ya moto pamoja na kile cha mtungi wa zamani. Kipya kilionyesha joto lisilokuwepo. Yaani kila kilichopikwa ndani ya mtungi ule, tangu ulipofika, hakikuwa kimepikwa kama ilivyodhaniwa.

Tajiri alikuwa ofisini na waandishi wa habari kwenye simu. Dada aliziweka pakiti mezani mbele yake, naye akakata simu.

"Ni tano," Tajiri alisema. "Kati ya maelfu."

"Usiniambie maelfu. Kila pakiti ina nyumba yake."

"Shemeji, nakusihi," alimwambia Dada, kwa kuwa ni mke wa rafiki yake. " Tuyarudishe kimyakimya. Tuseme lebo zimekosewa."

"Anayepasha chakula sasa hivi atajuaje kwamba asile?"

"Ukisema redioni umetuzika."

"Basi tuzikwe sisi, si wao."

Tajiri alifunga mlango wa ofisi, akasimama mbele yake. Alikuwa analia. Alisema ana watoto, ana nyumba ya rehani, na hakuna hata mtu mmoja aliyeripotiwa kuugua. Dada alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Kaka, nipishe." Akapishwa.

Taarifa ya habari ya mchana ilimpa nafasi. Alizungumza kwa simu. Alisema, "Mimi ndiye niliyeyapika. Kama una pakiti ya kijani yenye chapa yetu, usiifungue. Ukiwa umeshaifungua, usionje, hata kama inanukia vizuri. Sumu hii haina harufu. Aliyekula, akiona kope zinashuka au ulimi mzito, aende hospitali akataje maharage yangu." Alitaja jina la kiwanda mara tatu.

Lakini ilikuwepo shule moja ya bweni iliyopokea mzigo siku iliyotangulia, na simu yake haikupokelewa. Walipiga, wakapiga tena, kisha wakaingia kwenye pikapu. Shemeji aliendesha kwa kasi ambayo hajawahi kuendesha. Walipofika, wanafunzi walikuwa wamepanga mstari na sahani mkononi, na masufuria yalikuwa wazi.

Dada alisimama mlangoni mwa jiko, akanyoosha mikono. "Msigawe!"

Mpishi mkuu, mama mnene mwenye mwiko mkononi, alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ni nani wa kunifungia jiko?"

"Ni mwenye maharage. Yana hatari."

Mpishi aliinama, akanusa. "Mbona yananukia vizuri?"

"Hicho ndicho kinachonitisha. Uliyachemsha?"

"Nichemshe nini? Wewe si umeandika pasha, ule? Nimepasha."

Maneno yake mwenyewe yalirudi yakamkuta mlangoni. Mpishi alisema basi atayachemsha sasa, vizuri, yatoe povu, kwa kuwa ana watoto wenye njaa na stoo haina kingine ila mkate. Dada alimjibu, "Mama, sitafanya majaribio kwa watoto wako. Wape mkate." Mstari nyuma ulianza kunung'unika. Hatimaye mpishi aliweka mwiko chini, akashika sikio moja la sufuria, akamwambia Dada, "Shika huko." Wawili wale walibeba sufuria baada ya sufuria, wakazimwaga kwenye shimo nyuma ya jiko, wakafukia. Watoto walikula mkate na chai, na wengine walimzomea Dada alipokuwa akiondoka. Alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia zomeo tamu kama lile, kwa sababu lilitoka kwa watu wenye pumzi.

Maabara ilikuta sumu katika pakiti tatu zilizorudishwa. Za shule ile hazikujulikana, zilikuwa zimeshafukiwa. Dada aliishi bila kujua, na aliposifiwa kwa ajili ya shule ile alinyamaza.

Mtu mmoja aliugua, fundi viatu aliyekula Jumatatu jioni. Siku ya Jumatano alipelekwa hospitali akiwa hawezi kufungua macho wala kumeza mate. Daktari wa zamu alikuwa amesikia redio. Alijua anatafuta nini, na dawa ikaagizwa kwa ndege siku hiyo hiyo. Fundi alipumua kwa mashine kwa wiki nyingi, na Dada alikuwa akikaa kwenye benchi la mlangoni kila alasiri. Mke wa fundi alimgeuzia mgongo, na Dada aliona mama huyo ana haki. Mashine ilipotolewa, mgonjwa aliuliza yule mwanamke wa mlangoni ni nani. Akaingizwa.

"Ndiye wewe wa maharage?"

"Ndiye mimi. Naomba unisamehe."

Fundi alihema kidogo. "Yalikuwa matamu kweli. Ila nusura yanimalize kabla sijayamaliza."

Dada alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje, na huko nje alilia.

Kiwanda kilifungwa kwa miezi minane. Tajiri alijitoa, na nyumba yake akaikomboa baadaye kwa biashara nyingine. Yupo hapa leo, na familia inamshukuru. Wafanyakazi wengi walitawanyika. Washindani walijaza rafu zilizoachwa wazi, na mtaani watoto walitengeneza utani juu ya maharage ambao siwezi kuusoma makaburini.

Siku chache kabla ya kuwasha boila tena, mwaka 2008, Dada aliwaalika washindani wote kiwandani. Walikuja kwa kushuku. Aliwaonyesha kipimajoto kilichodanganya, akawapa vipimo vyake vyote vya joto na muda, kazi ya zaidi ya miaka kumi. Mmoja, mwenye kiwanda cha nyama za kopo, alisema waziwazi, "Mama, unatufundisha ili tukupokonye wateja?" Alimjibu, "Mteja akiogopa pakiti yangu leo, kesho ataogopa na yako. Hatuna masoko mawili hapa." Walibishana hadi chai ikapoa. Shemeji alimnong'oneza kwamba anagawa kiwanda bure. Akamwambia, "Bora nishindane nao kuliko nizikwe nao."

Kutokana na kikao kile cha ugomvi kilizaliwa chama cha wasindikaji wa vyakula nchini, na mwezi Machi 2012 ikafunguliwa maabara ya pamoja, ambako msindikaji mdogo wa uji wa watoto au wa maji ya matunda hupimiwa bidhaa yake sawa na mkubwa. Kampuni nyingi zilizoanzia majikoni leo zinauza nje ya mipaka kwa cheti cha maabara ile. Kiwanda cha Dada nacho kilirudi, polepole, duka kwa duka. Sasa kina mitungi mitatu, na muda wa kusubirisha mzigo haujapunguzwa tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alianza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na alimpa binti yake mkubwa ufunguo wa kiwanda bila hotuba yoyote. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Muuguzi akileta chakula, alimuuliza kimepikwa saa ngapi na kilifunikwa na nini. Mwezi Aprili mwaka huu alizidiwa. Alijua. Alimwita shemeji akamwambia, "Fundi, mvuke wangu umechoka sasa." Shemeji alimshika mkono. Alifariki Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, kabla ya adhuhuri, binti zake wakiwa kando yake na kaka yao akiwa safarini kuja.

Ndugu zangu, mtakuwa mmeona kwamba kundi la wafanyakazi wake halipo hapa. Si utovu wa heshima. Leo asubuhi, kabla ya kufungwa kwa kiwanda kwa ajili ya mazishi, ilibainika kwamba mkupuo mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye mtungi. Binti yake aliuliza kama moto uzimwe ili wote waje. Wazee wa zamu walimjibu, "Tukiuacha nusu, Bi Mvuke atafufuka atugombeze." Basi wamebaki, kwa ruhusa ya familia, wanausimamia hadi uive.

Marehemu ameacha mume, binti wawili, mtoto wa kiume, wakwe, wajukuu sita, wadogo zake watatu, na fundi viatu mmoja aliyeomba atajwe miongoni mwa ndugu, nasi tumekubali.

Dada, umesimama vya kutosha. Sasa lala, na upumzike kwa amani.