Wino wa Kidole cha Fundi Randa

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Randa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa nne kati ya saba wa dereva wa lori na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la saba. Akili alikuwa nayo, makalio ya kukalia dawati ndiyo hakuwa nayo. Mwalimu mkuu alimwambia baba yake, yaani babu yetu, "Huyu mtafutie kazi ya kusimama." Babu akampeleka karakana ya useremala.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na mwuguzi aliyekuwa amekuja kutengenezewa kabati. Kabati lilichukua miezi mitano. Mama anasema kazi ile ilikuwa ya wiki mbili. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa kifungo. Marehemu mwenyewe aliagiza kisirukwe: "Msije mkanipaka vanishi." Mwaka 1992 alinunua mbao za wizi, akijua fika ni za wizi, akafungwa miaka minne. Siku anatoka, tarehe 3 Februari 1996, askari wa lango alimwambia, "Nenda salama, fundi, ila kura ndiyo basi tena." Akaamini. Nani angemdai askari ushahidi?

Watoto walikuwa wameambiwa baba alikuwa kazini mbali. Basi kila uchaguzi marehemu alivaa koti, akatoka na mama, akachepukia karakanani na kuchovya kidole kidogo kwenye rangi ya mbao, ili nyumbani aonekane amepiga kura. Mwaka 2003 binti yake wa mwisho, anayewasomea wasifu huu, alimuuliza, "Baba, mbona wino wa mama zambarau, wako kahawia?"

"Ule mwingine ulikwisha, mwanangu."

Mama alikohoa mpaka akaletewa maji.

Januari 2023 binti huyo alipata kibarua cha kuandikisha wapiga kura. Jioni moja alikuwa mezani akijisomea kanuni kwa sauti: aliyetumikia kifungo huzuiwa kupiga kura kwa miaka mitano tangu atoke, kisha haki yake humrudia. Marehemu akaweka kikombe chini.

"Hebu soma tena."

Akasoma tena. Ndipo marehemu akasimulia yote, gereza na rangi ya mbao, huku mama akimshika bega. Haki yake ilikuwa imemrudia tangu 2001. Usilolijua ni usiku wa giza, jamani. Alilia bila kujificha. "Wao walinifunga minne," alisema. "Hii ishirini na miwili nimejifunga mwenyewe."

Binti alikasirika, asiwafiche. Alimkasirikia askari, akamkasirikia baba, akaikasirikia na ile rangi. Asubuhi yake marehemu alikuwa wa kwanza mbele ya meza yake ya uandikishaji.

"Andika na kifungo," alisema.

"Hapa hawaulizi kifungo, baba. Weka kidole."

Juni figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Uchaguzi ulikuwa tarehe 11 Novemba. Daktari alitaka asitoke kitandani, naye akamjibu, "Kawia ufike, daktari, lakini sharti uondoke." Kituoni watu walimpisha apite mbele na kiti chake cha magurudumu. Akakataa katakata: "Foleni hii nimeikosa mara tano. Niacheni niionje." Aliionja saa tatu nzima, akapiga kura, akarudi nyumbani kidole kikiwa juu njia yote.

Alifariki tarehe 19 Novemba 2023, saa tano asubuhi, mama akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada wawili, na kabati ambalo mlango wake haujawahi kulegea.

Jana waliomwandaa walisugua mikono yake vizuri, lakini ukucha mmoja uligoma kutakata. Wakamwita binti yake, wakaomba radhi. Akawaambia, "Uacheni. Wino huo hakujipaka mwenyewe."

Lala, baba. Mungu akupe pumziko jema.