Vizazi Sita vya Lucien

Benchi lililo mbele ya duka la mashine za kufulia, mtaa wa Etterbeek, Bruxelles, kisheria halina mwenyewe. Lakini kila Jumamosi asubuhi lina wenyewe watatu na chupa moja ya kahawa. Jumamosi hiyo Onésime, aitwaye Maître kwa kuwa alisomea sheria Bukavu, Kongo, alifika na karatasi ya shule ya mjukuu wake Chloé: mti wa ukoo, wa kurudishwa Jumatatu. Upande wa baba, babu mwenzake Lucien, mjukuu wa mchimba makaa kutoka Poland, alikuwa amejaza vizazi sita, akaambatisha nakala za vitabu vya parokia. Upande wa mama ulikuwa na majina matatu na weupe mtupu. Wivu ulimkaba Onésime, ingawa yeye aliuita shaka.

— Angalieni. Mille huit cent septante et un, mwaka ya 1871, mutoto anabatizwa. Jina ya baba, ya mama, hata ya baba ya mama! Nani alihakikisha?

— Padri, alijibu Noé, mlinzi wa maghala.

— Padri ni shahidi moja tu.

Patient, aitwaye Radio kwa kuwa hakosi habari, alisogea.

— Bon, Maître, kule baridi ilikuwa mingi. Padri akikosa mutoto ya kubatiza, alikuwa anaandika farasi.

— Alors Chloé ni mujukuu ya farasi? aliuliza Noé.

— Weye Noé unamutetea Lucien juu alikupa soseji ku ndoa ya watoto! alisema Patient.

— Ile soseji ilikuwa muzuri, tonton.

Onésime aliifurahia hoja ya farasi, kisha akaionea haya. Jina la mtoto huyo aliyebatizwa lilikuwamo pia katika cheti cha ndoa, katika orodha ya mgodi na katika daftari la manispaa: pamoja na wa padri, mikono minne isiyojuana. Angekuwa hakimu, angeupokea ushahidi huo. Hilo ndilo lililomuuma.

— Tafuta yenu ku ordinateur, ku internet, alisema Noé. Andika jina ya famille.

— Gani? Kwetu kila mutoto anapewa yake. Baba yangu hakuwa na jina yangu, ndugu yangu hana.

— Vitabu byetu biko mu cave fulani, chini ya nyumba, hapa hapa Bruxelles, alinong'ona Patient. Wakoloni walibeba hata majina ya mbuzi.

Rolande, jirani mgeni aliyekuwa akikunja mashuka mlangoni, aliinua kichwa.

— Pardon, papa Onésime. Mama ya baba yenu aliitwa nani?

— Mama Zihindula.

— Ile ni jina ya mutoto wake wa kwanza. Yeye mwenyewe?

Jina hilo Onésime hakuwahi kulisikia. Aliikumbuka mikono ya bibi yake ikimenya maharage, kikohozi chake, upande aliokaa jikoni. Kijiji kizima kilimwita hivyo kwa heshima.

Onésime alichukua penseli, akaandika ndani ya kisanduku cha bibi kwenye karatasi ya Chloé: Mama Zihindula. Akalipima jina hilo kwa jicho lile lile alilopimia karatasi za Lucien, kisha akalifuta mwenyewe, kabla ya yeyote kupinga.