Sista Auleria Anaiaga Wodi ya Mahututi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Sista Auleria Kamugisha anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Sisi wa wodi ya wagonjwa mahututi hapa Temeke tunamuaga kwa furaha na, tuseme ukweli, kwa hofu.

Alizaliwa Muleba, akasomea uuguzi Bukoba, akafika Dar akiwa anaogopa kuvuka Barabara ya Kilwa. Anasema mpaka leo anaiogopa. Tunamjua kwa chai yake ya tangawizi isiyonyweka, na kwa kupiga soga na wagonjwa waliopoteza fahamu kana kwamba wanamjibu.

Wengi mnamkumbuka Gervas, mchonga vinyago wa Mtoni aliyegongwa na bodaboda. Wiki zilipita hajafumbua macho. Mkewe, Rosalia, aliogopa hata kumgusa.

"Mshike mkono, mama," Sista alimwambia. "Mtajie jina lako kwanza, halafu mpe habari za nyumbani."

Ikawa kila siku sauti moja, harufu moja anayoijua, kisha wanamwacha apumzike. Lakini Jumapili moja ndugu walijazana kitandani, wote wakamsemesha kwa pamoja. Mapigo ya moyo yakapanda, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Sista akawatoa nje, Gervas akachomwa sindano, akatulia.

"Sista, mnamtesa bure," akasema kaka yake, Stephano. "Tumrudishe kwetu Newala."

Baadaye nilimkuta Auleria stoo amekaa juu ya mashuka. Alipoinuka, alikwenda kumwomba Dokta Ferdinand siku chache zaidi. Dokta alikubali kwa shingo upande.

Rosalia akaleta kipande cha mpingo ambacho mumewe hakukimaliza, akakiweka kiganjani mwa Gervas. Kidole gumba kikaanza kusugua, polepole, kama kinatafuta panapokwaruza.

"Gervas, ni mie," akasema Rosalia.

Macho yakafumbuka.

Leo Gervas anatembea kwa fimbo, na maneno humjia taratibu. Wengine wengi hawakuamka. Sista hakuwahi kudai kwamba anajua sababu.

Sasa hivi tunaye binti anayeitwa Hope, bado hajaitika. Sista ametuuliza mara kadhaa nani atamsemesha kuanzia Julai.

Asante kwa yote, dada yetu. Mungu akujalie afya na usingizi mzito. Hope tutamsemesha sisi.