Marehemu Sonaimuthu na Mbuzi wa Kwanza wa Karuppan

Baba yetu Sonaimuthu, ambaye tumekusanyika leo kumalizia matanga yake, alizaliwa tarehe 14 Mei 1952 kijijini Karisalpatti, karibu na Usilampatti. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Periyakaruppan na marehemu Ochammal. Nywele zake za kwanza zilinyolewa mbele ya Karuppan, mungu wa ukoo wetu, kama zilivyonyolewa za baba yake na babu yake.

Alisoma Usilampatti hadi darasa la nane. Mwalimu alipowauliza wanafunzi mungu wao anakula nini, wenzake walijibu maziwa na ndizi. Yeye akasema, “Wetu anakula mbuzi, na asipopewa anatula sisi.” Alichapwa. Alikuwa akitusimulia huku akicheka.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba Madurai, na tarehe 9 Juni 1978 akamwoa mama yetu, Pechiyammal. Alikuwa mpole nyumbani. Hakupenda kuchinja. Kila ilipokaribia sikukuu ya Sivaratri, siku ya kumchinjia Karuppan, alinung'unika kwamba mungu huyu ni mgeni asiyejua kushiba, kisha akaenda kununua mbuzi mwenyewe, mweusi asiye na doa.

Mwezi Februari 1983, mbele ya hekalu la Karuppan, nyumba mbili za ukoo ziligombea mbuzi wa nani akatwe kwanza. Malaichami, mtoto wa baba mkubwa wa baba yetu, alimkata shingoni Mayandi, kaka yake baba. Mayandi aliangukia na kufa pale pale walipolala mbuzi, na damu zikachanganyika hata wanawake waliokwenda kuosha hawakujua waoshe ipi. Baba alilinyakua panga la sadaka akamkata Malaichami vidole vinne vya mkono wa kulia. Wote wawili walifungwa. Hekalu likatiwa kufuli, na kila nyumba ikaapa kumwaga damu ya mwenzake atakayelifungua.

Baba alitoka gerezani mwaka 1990 akarudi kulima. Miaka ikapita bila mtoto wa ukoo kunyolewa. Mjukuu wake Yazhini, binti wa kaka yetu Pandiselvam, alifika umri wa shule na nywele za kuzaliwa zikimfika kiunoni, zimesokotana, akichanwa analia mpaka anatapika.

“Tumpeleke akanyolewe hekaluni Palani, baba,” kaka alimwambia. “Huko nako kuna mungu.”

“Wa Palani ni wa watu wote. Huyu ni wetu. Baba yako akikukasirikia, utakwenda kumwangukia miguuni baba wa jirani?”

Januari 2019 alikwenda peke yake kwa Malaichami. Mama alimfuata kwa nyuma, ndiye aliyetusimulia.

“Umekuja kumalizia kilichobaki?” Malaichami alimwuliza, akimwonyesha kidole gumba.

“Nimekuja kukuomba, kaka. Mbuzi wako akatwe kwanza.”

“Na wako?”

“Atafuata. Ukitaka, asikatwe kabisa. Mtoto anyolewe tu.”

Malaichami akamwita mkewe alete kahawa. “Ya huyu usitie sukari,” akasema. “Bado sijamsamehe.” Baba aliinywa yote.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2019 kufuli lilivunjwa. Mbuzi wa Malaichami alikatwa kwanza. Yazhini aliketi mapajani mwa mjomba wake, kama ilivyo desturi, na kinyozi akaanza. Hapo Kasirajan, mtoto wa Malaichami, ambaye tangu utotoni alikuwa akimlisha baba yake kwa mkono, alilichukua lile panga likiwa bado linachuruzika akamwendea Pandiselvam. Baba akaingia katikati. Panga lilipasua bega mpaka mfupa ukaonekana. Malaichami alimwangusha mwanawe chini akamkalia, akimpiga usoni kwa kile kiganja chenye kidole gumba tu. Baba, ameegemea nguzo, alimwambia kinyozi, “Usiache kichwa nusu.” Kinyozi akamaliza, na kichwa cha mtoto kikatapakaa damu ya babu yake.

Kidonda kilioza. Alilazwa hospitalini Madurai, akafariki tarehe 19 Aprili 2019. Kabla ya kukata kauli alimshika Pandiselvam mkono. “Mtu wa ukoo akifa, nyumba zote mbili zinafiwa,” alisema. “Ukimuua Kasirajan, utanyoa kichwa kwa ajili yake. Utamlilia kama ndugu, kwa sababu ndivyo alivyo.” Wapo vijana wanaomwuliza kaka kila jioni anapataje usingizi kabla ya kulipa kisasi. Siku ya kumchoma baba, Malaichami alikuja amenyoa kichwa kama mfiwa, akasimama mbali na kuni. Pandiselvam alikwenda akamshika kiwiko, akamsogeza mahali pa ndugu.

Marehemu ameacha mjane, Pechiyammal, watoto, Pandiselvam na Nagarathinam, mjukuu, Yazhini, kaka, Malaichami, na mtoto wa kaka, Kasirajan, aliyeko rumande.

Karuppan amlaze baba yetu kwa amani, na sisi tuliobaki atulaze bila panga chini ya mkeka.