Maneno Haya ni ya Mutahi: Risala ya Wapagazi wa Naro Moru kwa Daktari Watiri, Mkuu wa Idara ya Utalii

Mgeni rasmi, Daktari Watiri, tumefurahi umekuja mpaka kwetu kutufungulia stoo. Baridi utuvumilie. Chai iko.

Sisi ni nani

Tunawabebea wageni mizigo mlimani. Wengi wetu tuliacha shule mapema, kwa hiyo risala hii ni fupi na haina mapambo.

Tulichofanikiwa

Stoo ina makoti na viatu vya kuazimana. Zamani mwenzetu alipanda mlima na sweta ya kanisani. Hiyo imekwisha.

Shida yetu

Wakiuru, binti wa mwenzetu Kingori, anasoma katika idara yako pale chuoni. Aliandika juu ya wapagazi wanaougua mlimani na kunyamaza. Kompyuta ya chuo imesema aliiba maneno ya kijana aliyehitimu kabla yake. Wiki ijayo mtaamua kama atafukuzwa.

Daktari, maneno yenyewe ni haya: "Kichwa kikiuma nanyamaza. Nikisema nitashushwa, na nikishushwa sitaitwa tena."

Ni ya Mutahi, huyu aliyeketi kulia kwako. Kila mwanafunzi akija humwambia hivyo hivyo, haongezi wala hapunguzi. Sisi humsaidia kumalizia. Yule kijana aliyasikia kwake, Wakiuru pia. Wote wawili hawakuandika jina lake.

Hatufichi, msichana alikosea. Tulimwuliza mbele ya babake. Akasema, "Nilidhani chuo inataka vitabu peke yake. Ati niandike Mutahi wa Naro Moru? Si watanicheka!"

Mutahi akamjibu, "Wakucheke nini? Niko na jina, niko na kitambulisho."

Tulicheka sote. Wakiuru akalia.

Maombi

Aadhibiwe kwa kosa alilofanya, si kwa wizi ambao hakufanya. Apewe nafasi aandike upya, aseme alisikia kwa nani. Yule kijana hatumtakii mabaya. Kazi yake nayo iongezwe jina tu. Na wanaoanza masomo wafundishwe mapema kwamba mtu aliyesema hutajwa, kama kitabu kinavyotajwa.

Kama una shaka, nikiketi muulize Mutahi kwa nini hunyamaza kichwa kikiuma. Leo hatutamsaidia. Msikilize, kisha ulinganishe.

Mungu akurudishe Nyeri salama, na siku ya kuamua akae kando yako.

Ni sisi, Wapagazi wa Naro Moru.

Imeandikwa na kusomwa na Kihara, mwenyekiti.
Maneno kuhusu kichwa kuuma: Mutahi, mpagazi, aliyasema mwenyewe, Naro Moru.