Dada Yetu na Hesabu ya Siku Tisa

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa watoto wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba. Niliomba kuandika wasifu huu kwa sababu kuna jambo nimelificha miaka kumi na mitano, na naona haya kumzika nalo.

Shuleni, kwa hesabu, alikuwa moto wa kuotea mbali. Baba alipotupakia kwenye lori, dada alinipakata, akatoa mkono dirishani, mara kiganja wazi, mara ngumi. "Jaribu na wewe, usikie hewa inavyokurudisha." Alihitimu chuo kikuu mwaka 1984.

Aliajiriwa maabara ya serikali, chumba namba 12, akikokotoa kwa kompyuta jinsi hewa inavyolipinga kombora linaloruka kwa kasi kuliko sauti. Mwaka 1990 aliolewa na fundi saa. Shemeji alizoea kututania: "Mwenzangu anahesabu upepo, mimi nahesabu dakika anazochelewa."

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wake. Kompyuta huigawa hewa vijisanduku vijisanduku, na nyuma ya kitako cha kombora, hewa inapovurugika, lazima viwe vidogo sana. Aliniagiza nirudie hesabu kwa vijisanduku hivyo. Ingechukua siku tisa, nami nilikuwa na harusi ya rafiki Jumamosi. Nikaviacha vikubwa, nikaandika "imehakikiwa". Dada aliniamini, akatia sahihi. Hesabu ikaonyesha nguvu ya hewa ndogo kuliko ilivyo. Siku ya majaribio kombora lilianguka mita mia nne kabla ya shabaha, karibu na kibanda cha wapimaji. Mpimaji mmoja alipoteza mguu. Yuko hapa, safu ya tatu.

Mbele ya kamati ya uchunguzi dada alisema, "Sahihi ni yangu." Kwenye ngazi akaninong'oneza, "Una watoto wachanga. Funga mdomo." Nikaufunga. Yeye aliachishwa kazi, akafundisha hesabu sekondari hadi alipostaafu. Mimi nilipewa meza yake. Watu walipomwita mzembe nami nikisikia, nilitazama viatu vyangu.

Alianza kuugua figo mwaka 2022, akafariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla, nilimwambia, "Dada, niliirudia ile hesabu. Siku tisa. Imeonyesha palepale lilipoanguka."

Akacheka kidogo. "Mimi niliirudia zamani. Wanao wamekua sasa. Kamwambie mpimaji."

Sikwenda. Niliona aibu, siku zikapita, akafa akijua sijakwenda. Ndiyo maana nimeyachapisha haya nakala mia mbili mlizo nazo mikononi, nisipate pa kurudi nyuma nikisimama hapa.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na wadogo zake watatu. Yule wa mwisho ndiye mwenye kosa. Mzee wangu wa safu ya tatu, ni mimi. Dada hakukosea.

Apumzike kwa amani. Lawama aliyonibebea nimeichukua.