Mama Tulinagwe, Aliyekataa Watu Wafungiwe

Mama yetu, Tulinagwe Anyelwisye, alizaliwa Kisondela tarehe 14 Machi 1962, katika familia ya wakulima wa ndizi. Alisoma shule ya msingi huko huko, kisha akajifunza uuguzi wa afya ya akili Dodoma. Wapo waliomcheka waziwazi: msichana mzima, kasomea wendawazimu! Yeye alijua alichokifuata. Mdogo wake, Amoni, alianza kuugua akili akiwa darasa la sita, na ndugu wakamfungia kwenye ghala la mahindi.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na baba yetu, Enosi, fundi wa kiwanda cha chai. Sharti lake lilikuwa moja: "Ukinioa mimi, Amoni anakuja." Mjomba akaishi nasi hapa Bagamoyo ya Rungwe, si ile ya pwani, miaka yote hiyo, akila meza moja na wageni.

Kwa zaidi ya miaka thelathini mama alizunguka Rungwe akifundisha familia, walimu na wachungaji namna ya kuishi na wenye ulemavu na wagonjwa wa akili. Kule Kiwira, mzee mmoja alikuwa amemficha binti yake stoo. Mama alimwomba mzee aingie humo yeye mwenyewe, akamfungia, wageni wakinywa chai sebuleni. Chai haijapoa, mzee anagonga mlango! "Baba, nyamaza," mama akamwambia, "wageni watakusikia." Binti alitolewa siku ile ile. Watu walicheka, wakapiga makofi, na wengine wakarudi makwao kufunga milango vilevile.

Mwaka jana mama aligundulika ana saratani ya ini. Alipozidiwa, ndugu walimrudisha mjomba Kisondela, eti kwa muda. Mama alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akimuulizia.

Kwenye kikao cha msiba, baba mkubwa Erasto, msemaji wa ukoo, alisema: "Mwe bandu, enyi watu! Yule atatuaibisha mbele ya wachungaji. Akae ndani mpaka tuzike." Wakaitikia, na jina la mjomba likafutwa kwenye wasifu huu. Nasema bila kumung'unya maneno: ni aibu! Mnamlilia mama yetu huku ufunguo wa chumba alimofungiwa mjomba mmeushika ninyi. Jina nimelirudisha mwenyewe.

Ameacha mume, Enosi, watoto wawili, Joyce nami Lwitiko, wajukuu watatu, na mdogo wake, Amoni. Joyce amekwenda Kisondela kumchukua. Jeneza halishuki mpaka mjomba afike, amwekee dada yake udongo kwa mkono wake. Hapo ndipo mama atapumzika kwa amani.